Tarehe ya Festo

Ndani ya basi la Katesh, Rogathe, mwalimu mstaafu, alijifanya amelala, ingawa masikio yake yalikuwa macho kuliko dereva. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa akimweleza abiria aliyeketi naye, fundi wa kompyuta, kwamba simu yake ilitumbukia kwenye josho la ng'ombe. "Nikaenda steshenari Mbulu, wakanifungulia Facebook kwenye kompyuta. Picha zipo, majina yapo. Ujumbe wa mwanangu Festo hakuna hata mmoja."

"Haujapotea, mama, umefungwa. Facebook inataka namba sita za siri ili iufungue. Nani aliziweka?"

"Festo mwenyewe."

"Basi muulize."

"Tulimzika mwezi wa tatu."

Fundi akamgeukia. "Pole sana, mama. Vijana wengi huweka tarehe yao ya kuzaliwa."

"Alizaliwa siku ng'ombe wetu mwekundu alipozaa pacha. Tarehe aliandikiwa na mwalimu alipoanza shule pale Dirma. Baba yake ndiye aliyempeleka, mimi huyo mwalimu simjui."

Rogathe alifumbua macho. Alipokuwa akifundisha Dirma, kila Januari watoto wa wafugaji walipanga foleni mbele ya meza yake bila tarehe ya kuzaliwa, naye akawagawia yoyote iliyomjia kichwani, kama anayegawa chaki. Hakukumbuka hata moja.

Basi likasimama Dirma. Mama akashuka, akamwambia fundi kupitia dirishani, "Nitamtafuta huyo mwalimu. Yeye hawezi kusahau."

Rogathe, ambaye naye alikuwa ashukie hapo, hakuinuka.