Daraja la Watu Wasiosalimiana

Asubuhi ile ya mwaka 1965 tulikaa watatu kwenye benchi ya Mama Emérance, muuza kahawa, karibu na stesheni ya Albertville. Ukutani ametundika picha aliyoachiwa na karani mmoja Mzungu aliyerudi kwao: daraja la mji wa Ulaya, limejaa watu, mikokoteni, wanawake wenye vikapu na mbwa mmoja. Karani alimwambia kwamba ilichorwa juu ya jiwe, kisha ikachapwa kwa jiwe hilo. Siku hiyo saa nne tulipaswa kumzika mwanangu Félicien bila mwili. Alikuwa amekwenda Niemba kumchukua bibi yake wakati wa vita, na mwaka mzima ulikuwa umepita bila habari yake. Wazee walisema tuzike shina la mugomba mahali pake, matanga yaishe. Padri alikubali kuliombea kaburi. Mimi peke yangu nilikuwa sijasema ndiyo. Rafiki zangu walilijua hilo, kwa hiyo wakaongea juu ya picha.

Onésime, tunayemwita Signali kwa ajili ya kazi yake ya reli, alidai kwamba watu wale wanakimbia, daraja liko karibu kuvunjwa.

— Wanakimbia? alisema Valère wa bandarini, ambaye sisi tunamwita Kamba. Muntu anayekimbia anabeba godoro. Onyesha godoro moja.

— Wazungu wanaacha magodoro. Hapa waliacha hata piano.

— Basi hiyo njo soko. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingia wapi, Papa Kamba?

— Inaingia kwa daraja.

Nilicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Pasaka. Signali akapata moyo. Akasema jiwe haliwezi kuchora watu walio hai, kwa hiyo hao ni wafu wa Ulaya, njo maana hakuna anayemusalimia mwenzake. Kisha akanitazama. Mama Emérance akamnyang'anya kikombe.

— Unisamehe, Papa Adalbert, alisema Signali.

Nilimwambia kwamba wafu wako mikononi mwa Bwana, hawako ukutani.

Ndipo alipofika mke wangu Domitille, miguu yake ina tope la shamba. Walikuwa wamepata mugomba. Kwa desturi yetu shina hukatwa sawa na kimo cha marehemu, lisizidi wala lisipungue.

— Baba Félicien, wanangoja. Wakate kwa urefu gani?

Kamba aliweka mukono begani pake mwenyewe, kuonyesha kimo. Signali aliweka wake sikioni. Wakatazamana, wote wawili wakaishusha.

— Siku alipoondoka alinifika kidevuni, alisema Domitille. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa bado anakua. Kama alikufa siku ile, basi ni hapa. Kama alikufa juzi...

Nilisimama, nikainua mukono hadi kidevuni pa Domitille, nikaona hautoshi. Nikaupandisha. Sikujua niusimamishe wapi.