Mfadhili Aliyenyamaza

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dawa, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na atakayekaa upande huo ajue akicheka sana ataanguka. Wenyewe ni wale wale. Kuna Semina, ambaye hajawahi kukosa semina yoyote yenye chakula cha mchana. Kuna Breki, dereva mstaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Kuna Nesi, naye mstaafu, mwenye chama kidogo cha kuwatembelea wazee wapweke. Na mimi Fundi Saa, ingawa watu siku hizi saa wanaangalia kwenye simu. Sitaficha: kahawa hii ningeweza kuichemsha mwenyewe. Ila tangu mama watoto atangulie, kwangu hakuna wa kuniuliza hata nimelalaje, ndiyo maana mimi hufika benchini kabla ya muuza kahawa. Siku hiyo Nesi alikaa, akapokea kikombe, akakiacha kipoe.

Breki: Nesi, kahawa hiyo unainywa au unaitazama?

Nesi: Yule mama mfadhili hajatuma kitu tena. Mwezi wa tatu huu.

Semina: Yule mkubwa?

Nesi: Kwani tunaye mwingine? Nauli za wanaotembelea ni yeye, sabuni ni yeye, dawa ni yeye. Mwezi huu ukiisha hivi hivi, tunafunga.

Mimi: Mnafunga kabisa?

Nesi: Kabisa, Fundi. Kuna mzee mmoja kila nikiaga ananishika mkono wa gauni. "Alhamisi utakuja?" Swali lake ni hilo hilo kila siku. Nitamwambiaje?

Hapo Breki naye alinyamaza. Lakini Breki akinyamaza, ujue anabadilisha gia.

Breki: Msihofu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyo mama anakusanya, siku akituma mtazimia.

Semina: Acha hizo. Kuchangisha ni taaluma. Ujumbe wa mfadhili una hatua tatu: shukuru, omba, halafu omba tena. Mimi ndiye ninayeandika kwa niaba ya Nesi. "Mfadhili wetu mpendwa," ndivyo ninavyoanza.

Breki: Na siku hizi hajibu?

Semina: Ndiyo maana nimeongeza. Zamani nilikuwa namtumia mara moja kwa mwezi, sasa kila wiki.

Breki: Wewe unafukuza ndege shambani, hutafuti mfadhili! Tatizo ni picha. Watu hawatoi mpaka walie. Mpigeni yule mzee picha akiwa na huzuni.

Nesi: Hawezi. Akiona kamera anacheka, na meno yenyewe amebakiwa na mawili.

Breki: Basi apigwe kwa nyuma.

Semina: Picha zimepitwa. Tuandae chakula cha usiku, tualike matajiri, wakishakaa tufunge mlango. Hatoki mtu bila kuahidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Sasa haba na haba inaingiaje hapo, na umewafungia watu ndani?

Semina: Si watatoka mmoja mmoja?

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga. Semina alipoona amepata watu, akapanda juu zaidi.

Semina: Au tuwaombe wenye kampuni wawachukue wazee. Kila mzee anavaa fulana ya kampuni yake. Huyu wa saruji, yule wa magodoro.

Nesi: Wa magodoro akifariki?

Semina: Jeneza linaandikwa tangazo.

Breki: Ngoja! Umenipa wazo. Watu wa hapa kwenye harusi wanasuasua, kwenye elimu wanajificha, lakini kwenye msiba? Rambirambi haina mjadala. Tutangaze kwamba Nesi amefariki.

Nesi: Mimi?

Breki: Kwa muda tu. Wahenga walisema kufa kufaana.

Nesi: Na nikionekana sokoni?

Breki: Umefufuka! Tunachangisha mara ya pili, ya shukrani.

Nesi mwenyewe alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaendelea kujifuta, na cheko lilikuwa limeshakwisha. Niliona uchungu. Ni kweli tunavyojuana: ukifa turubai linajaa, ukiwa hai mlango wako haugongwi.

Mwisho wa benchi, upande wa tofali, alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemfahamu, anasubiri mwenye duka la dawa arudi. Alikuwa ameshamaliza kikombe chake.

Mgeni: Samahanini, jamani. Huyo mama anayewachangia, anaishi na nani?

Semina alimtazama Breki. Breki alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Nesi.

Nesi: Anaishi na... Sijui.

Mgeni: Hamjawahi kwenda kwake?

Semina: Dada, sisi tunatembelea wapweke. Yule ni mfadhili.

Nadhani Semina mwenyewe aliyasikia aliyoyasema. Nesi alikuwa anaangalia mikono yake.

Nesi: Kila akituma mchango, chini alikuwa anaandika, "Karibuni siku moja."

Mgeni: Nanyi mkamjibu nini?

Nesi: "Asante, Mungu akuzidishie."

Mwenye duka alirudi, akafungua, mgeni akaaga na kuingia ndani. Nesi akatoa simu. Masikio yake siku hizi ni mazito, kwa hiyo huongea kwa spika, na benchi zima tuliisikia ikiita. Iliita sana. Ilipokaribia kukatika, ikapokelewa.

Sauti: Haloo?

Nesi: Shikamoo, mama. Ni mimi Nesi, wa kile chama.

Sauti: Marahaba. Mwanangu, mwezi huu tena sikujaliwa. Niwieni radhi.

Nesi: Sikukupigia kwa ajili ya mchango, mama. Nimekupigia kukusalimia.

Semina alifungua mdomo, Breki akamkanyaga mguu.

Sauti: Kunisalimia tu?

Nesi: Kukusalimia tu.

Sauti: Basi usikate, mwanangu. Ngoja nivute kiti.

Tukakisikia kiti kikiburutwa sakafuni, polepole, na mle ndani hamkuwa na sauti nyingine yoyote.