Usukani Mwembamba wa Mama Sindano

Marehemu, aliyejulikana na mtaa mzima kama Mama Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka miguu ikawa inaburuta chini. Yeye mwenyewe aliagiza usimfanye malaika. "Semeni ukweli," alisema, "ila msiwachoshe watu juani."

Basi ukweli ndio huu. Darasani hakung'ara. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, akamaliza mwaka 1967, kisha akaenda chuo cha ufundi kujifunza kushona. Elimu yake hasa aliipata kwenye kibao cha baba, akiambiwa kila siku kwamba ngozi haisamehe: ukishaitoboa, umeitoboa. Maneno hayo aliyashika maisha yake yote, na wadogo zake tuliyasikia mpaka tukayachoka.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye karakana ya kushona viti vya magari, na hapo alidumu hadi alipostaafu mwaka 2008. Alianza na viti, akaishia kwenye usukani, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kuvika ngozi duara zima kwa mkono, sindano mbili zikipishana, uzi umepakwa nta. Naye alikuwa na desturi yake. Kabla ya kukata ngozi alimpa mteja kijiti kilichozungushiwa kitambaa, akamwambia akikamate. Alipunguza kitambaa, akaongeza, mpaka ncha za vidole zikaribie kiganja bila kukigusa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Mfanyabiashara mmoja wa saruji alimwambia, "Mama, nina haraka, we shona tu." Akajibiwa, "Mimi sishoni tu. Lete mkono." Akauleta.

Aliolewa na fundi bomba tarehe 11 Desemba 1976. Mungu aliwajalia binti mmoja na mwana mmoja, na nyumba isiyokosa kicheko. Shemeji yetu ni mpole, hana makuu. Lakini mwaka 2003 alinunua gari la spoti la zamani, la watu wawili, lililokuwa limelala uani kwa mtu likinyeshewa na kutagiwa mayai na kuku. Loo! Mapenzi aliyoliwekea gari lile, hata sisi mashemeji tuliona wivu kwa niaba ya dada.

Usukani wake ulikuwa wa mbao, umepasuka vibaya kwa jua. Shemeji akaleta mpya wa plastiki. Marehemu akautazama. "Gari la heshima hivi, ulivishe mfuniko wa ndoo?" Akaufungua ule wa zamani mwenyewe, akaziba nyufa kwa gundi, akaupiga msasa, akauvika ngozi nyeusi. Siku shemeji alipoketi na kuushika, alikunja uso.

"Mke wangu, hapa umekosea. Mwembamba mno. Mkono wangu wote unaumeza."

"Endesha," marehemu alisema.

Akaendesha miaka na miaka, na kila mgeni akaambiwa mzaha uleule: mke wangu hajawahi kukosea kazi ila mara moja, na kosa lenyewe ninalo mkononi. Marehemu aliendelea kuwamiminia chai. Alikuwa na leseni tangu 1975, akiingiza na kutoa magari ya wateja karakanani kila siku, lakini akiomba kulishika lile, jibu lilikuwa moja. "Lile lina klachi ya kudeka. Wewe kaa, nikupeleke."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alificha pumzi fupi muda mrefu, akisingizia vumbi la karakana, hadi Aprili 2018 madaktari walipotuambia moyo wake umechoka. Tangu hapo shemeji alimpeleka kliniki kwa gari lile. Asubuhi moja, kizunguzungu kilimshika akipita kando ya mlango wa dereva uliokuwa wazi. Akajishikiza kwenye usukani ili asianguke. Shemeji alipokuja kumdaka, macho yake yakaangukia vidole vya mkewe: ncha zimekaribia kiganja, hazikukigusa.

"Kumbe!" akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe hukukosea."

"Lini nilikwambia nimekosea?"

"Sasa mbona hukusema ni wako?"

"Ningesema, ungenipa?"

Shemeji anajua, nasi tunajua, kwamba asingempa. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mkononi mwa mkewe, akazunguka kukaa upande wa pili. Daktari aliulizwa, akakubali, mradi asiende mbali. Ikawa kila Jumapili marehemu anaendesha hadi kwenye tangi la maji na kurudi, shemeji akiwa ameng'ang'ania mlango. Klachi haikudeka hata siku moja. Aliendelea hivyo hadi mguu ulipokataa kuikanyaga. Alifariki tarehe 2 Juni 2021, kitandani kwake, mume akiwa kando.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wanne na sisi wadogo zake watatu. Jana mwanawe alimwambia baba yake kwamba sasa usukani waweza kuongezwa unene, umkae vizuri mkononi. Mzee alikataa. "Usiguswe," alisema. "Miaka yote ile gari lile mimi nililiazima tu."

Amekuja nalo leo, lile pale getini. Dada, kazi yako haikuwa na kosa. Pumzika kwa amani.