Usingizi Mara Kumi na Moja

Ukungu wa Desemba ulikuwa haujaamua kuondoka Basavanagudi, mtaa wa mahekalu, na benchi la nje ya kibanda cha kahawa lilikuwa limejaa kama kawaida: watu watatu, kahawa mbili zilizogawanywa vikombe vitatu. Puttaswamy, dereva wa Mama Kamalamma kwa miaka ishirini na tisa, alishika simu yake kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali. Gari jipya la mama lilikuwa na kamera ndani, na kamera ilikuwa na mdomo. Ilikuwa imempelekea taarifa mwana wa mama, huko Toronto, kwamba dereva husinzia mara kumi na moja kila asubuhi. Mwana akajibu: akisinzia tena leo, arudishe funguo.

— Mara kumi na moja? — Breki, aliyeitwa hivyo kwa sababu bajaji yake haikuwa na breki, alicheka. — Hata paka wangu hafiki huko.

— Sisinzii, bwana! — Puttaswamy aling'aka. — Nikipita hekalu nafumba macho, nagusa kifua. Nani hafanyi hivyo mji huu?

Kifungu, karani mstaafu wa ofisi ya barabara, alipuliza kahawa yake.

— Mpaka sokoni kuna mahekalu mangapi?

— Kumi na moja.

— Basi mashine haijakosea hesabu. Imekosea dini.

— Wahenga walisema macho hayana pazia, — Breki akadakia. — Lako limeonekana! Chora macho juu ya kope, kaka. Wino mweusi, kazi imekwisha.

— Au tuombe mahekalu yahamishwe, — alisema Kifungu. — Ingawa kwenye daftari letu hayapo. Lile la kona limeandikwa "kizuizi cha muda." Lina miaka mia tatu.

— Na hilo gari lina faida gani? — Breki aliuliza. — Jana nimelisikia linalia njia nzima.

— Linalilia mistari, — alisema Puttaswamy. — Linataka kukaa katikati ya mistari.

— Mistari ipi?

— Ipo, — Kifungu alisema kwa utulivu. — Nilisaini mwenyewe kwamba imechorwa.

Puttaswamy hakucheka. Aliutazama ukungu, ambamo ng'ombe mmoja alikuwa akivuka taratibu, miguu haionekani, kama anaelea.

— Juzi lilifunga breki lenyewe, — alisema. — Mbele yangu bibi muuza maua, na kikapu chake. Mimi sikumwona.

— Ulikuwa wapi?

— Hekalu la nne.

Kisha Breki akasema polepole, kama anayeota:

— Labda gari ndilo linalosinzia, kaka. Wewe ni ndoto yake.

— Kunywa kahawa, Breki.

Nyuma yao alikuwa amesimama askari wa trafiki, dada mgeni aliyehamishiwa kona ile wiki hiyo, kikombe mkononi. Hakuna aliyemwona akifika.

— Samahani, wazee wangu. Kabla ya gari hili, miaka yote hiyo, mzee akifumba macho, nani alikuwa anaendesha?

Kifungu alianza kutafuta kifungu cha sheria. Puttaswamy aliweka chini kikombe chake, akachukua funguo za gari.

Akamchukua Mama Kamalamma langoni. Kwenye hekalu la kwanza, lile la kona, mama alifumba macho kwenye kiti cha nyuma kama siku zote. Puttaswamy alipunguza mwendo, akagusa kifua, macho akayaacha wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona hekalu lile akiwa kwenye usukani. Ndani ya kijumba chake, katikati ya moshi wa ubani na ukungu, Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, alikuwa ameketi, mkonga umekunjwa, macho ameyakodoa.

Alikuwa anaangalia barabara.

Gari halikusema kitu.