Sili Kumi na Sita

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa moshi. Mke wangu aliwasha gari asubuhi ya Jumanne, bomba likatoa wingu la bluu, kisha injini ikatulia. Nilikuwa nimeshika geti. Nikamwambia, "Jumamosi nitamwita fundi." Akashusha kioo. "Jumamosi ipi, bwana wewe?" Akacheka, akaenda kazini, jioni akarudi na kuliegesha gari bandani. Jumamosi hiyo tulimzika.

Ni miezi mitano sasa, na gari halijatoka pale. Juzi binti yetu, ambaye ana kichanga cha wiki tatu, alinipigia simu: "Baba, njoo umwone mjukuu wako. Njoo na gari la mama." Kwake ni mwendo wa saa nne. Nikampigia fundi, nikamweleza moshi. Akasema, bila hata kuliona, kwamba sili za valvu zimekakamaa, vile vipira vidogo vinavyozuia oili isipenye kwenye silinda. Nitafute kumi na sita nzuri, yeye atakuja kuzifunga. Ndiyo maana jana jioni nilifika kijiweni, kwenye benchi lililo kati ya kinyozi na duka la spea, nikiwa na sampuli mbili kwenye kikaratasi: moja nyeusi, moja ya kahawia. Mwenye duka alikuwa amenipa nikafikirie. Pale kijiweni naitwa Rula, kwa kuwa nimepima viwanja vya watu miaka thelathini.

Kamanda, mlinzi mstaafu, aliamua kabla sijakaa.

— Chukua nyeusi. Mpira wa kweli ni mweusi. Umewahi kuona tairi la kahawia?

— Kwani anafunga tairi? akasema Kinyozi, aliyetoka nje na kitana mkononi, mteja kamwacha ndani na shuka shingoni. Chukua ya kahawia, Mzee Rula. Inavumilia moto.

— Nani kakwambia?

— Inaonekana kwa macho.

— Hiyo kuna mtu kaichovya kwenye ndoo, bafuni kwake. Nimelinda maghala miaka ishirini na mbili. Nimeona vitu vinachovywa wewe hujazaliwa.

— Kamanda, mimi na wewe tumepishana miaka minne.

Mama Buli, muuza kahawa, alitujazia vikombe.

— Na nyie mbona mnamchanganya mwenzenu? Nunua nyeusi nane na kahawia nane, baba. Zisioneane wivu.

Tukacheka. Kamanda hakucheka.

— Sili za nini kwanza? Kule lindoni tulikuwa na lori linatoa moshi hivyo hivyo. Tukasaga maganda ya ndizi, tukamimina kwenye oili. Likakimbia miaka mitatu.

— Likaishia wapi? akauliza Kinyozi.

— Liliungua.

— Kwa sababu ya ndizi?

— Hilo si swali la msingi.

— Sikilizeni, akasema Kinyozi, na kitana kikawa fimbo ya kufundishia. Gari likisimama sana, oili inasahau njia. Mtu mwenye kikohozi unamlaza ubavu, si ndiyo? Basi hilo gari tuliinamishe. Watu sita, upande wa kushoto, mpaka asubuhi.

— Wewe, mteja wako atatoka na hiyo shuka! akasema Kamanda.

— Atangoja. Hapa tunaokoa injini.

— Labda halina hata ugonjwa, akasema Mama Buli, bado anacheka. Labda linajua mwenyewe hayupo.

Kicheko kikakatika. Kinyozi akaanza kutoa nywele kwenye meno ya kitana.

— Nisamehe, baba. Limenitoka.

— Hakuna neno, nikamwambia.

Akanijazia kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa. Kahawa ikamwagikia sahani.

— Nataka lifike tu, nikasema. Binti yangu alione likiingia getini kwake kwa nguvu zake lenyewe, lisiwe limefungwa kamba nyuma ya gari la mtu.

— Litafika, Rula, akasema Kamanda, kwa sauti ya chini. Hata kama ni kwa hizo za kahawia.

Ndipo akaja mwanamke tusiyemjua, amevaa ovaroli, kalamu sikioni. Alituamkia, akasema ameanza kazi duka la spea wiki hii na ametumwa kuchukua sampuli.

— Kaa, dada, utuamulie, akasema Kinyozi. Nyeusi au kahawia?

— Injini namba ngapi?

Kamanda akaitaja papo hapo, herufi na tarakimu, kifua mbele.

— Hizo ni za kwenye kibao cha gari, mzee wangu. Nauliza ya injini.

Kinyozi akamtazama Kamanda. Kamanda akalitazama buli. Mama Buli akanitazama mimi.

— Bila namba hata mimi sijui, dada akasema. Shina la valvu linaweza kuwa milimita tano na nusu, linaweza kuwa sita. Hiyo nusu ndiyo moshi wenyewe. Halafu kuna injini upande wa kuingiza hewa zinakaa za rangi moja, upande wa kutoa moshi za rangi nyingine. Nane kwa nane.

Mama Buli akajipiga paja.

— Nilisema!

— Wewe ulisema habari za wivu, akasema Kamanda.

— Nilisema nane!

— Namba imegongwa ubavuni mwa injini, dada akaendelea. Unafungua boneti, unafuta vumbi, unasoma. Hamjafungua?

Miaka thelathini sijamruhusu mtu achimbe msingi kabla sijashika kamba na kupima, na hapo nilikuwa nimekaa saa nzima nikichagua vipira vya injini ambayo sijaitazama. Benchi zima lilijua kwa nini. Ndiyo maana wao hawakuniuliza.

— Sijafungua, nikasema.

— Basi kafungue, mzee. Sisi saa mbili asubuhi tuko wazi. Akakunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni. Hizi narudi nazo. Bado hazikusaidii kitu.

Mama Buli akatikisa buli. Lilikuwa tupu.

Asubuhi ya leo nilifungua banda. Mkono wa boneti uko chini ya usukani, huufikii bila kukaa. Kiti kilikuwa mbele kabisa, kwa kimo cha mke wangu. Magoti yangu yakagonga usukani, na kioo cha ndani kikanionyesha kiti cha nyuma badala ya njia. Nikavuta mkono, boneti ikaruka kidogo. Nikashuka, nikafuta ubavu wa injini kwa kitambaa, nikaiandika namba, nikaihakiki tarakimu moja moja.

Nilichohitaji nilikuwa nimekwishapata. Hata hivyo nilirudi ndani ya gari. Nikasukuma kiti nyuma, pingili moja, ya pili, ya tatu, mpaka miguu ikaenea. Kisha nikashusha kioo, taratibu, mpaka nikaliona geti nililokuwa nimelishika Jumanne ile.