Ziwa Lilizidi Nusu Milimita

Benchi iko Buyenzi, mbele ya gereji ya Huseni, hatua ishirini kutoka kwenye kona. Ni Jumamosi ya mwisho-mwisho wa Agosti 1997, saa tisa alasiri. Couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, bado haijafika, na kahawa ya Mwanasiti, anayetuuzia, ina moto. Watu ni wale wale, watatu na mimi. Huseni, fundi wa magari, anaitwa Vidange, kwa oili chafu anayomwaga. Sylvère, karani wa wizara, hutoka mtaa wa Mutanga Nord na mkoba wake wa mafaili, kwa hiyo ni Dossier. Twalibu anakata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, na ndiye aliyetutengenezea mchezo: karata za mabaki ya kazini, zilizochorwa Mvua, Dereva, Mvuvi, Barabara. Kila mtu ana fungu lake na hubadilishana na wenzake. Tukicheza, kila mmoja anatoa kumi, zinachanganywa, na anayekaa mwisho wa benchi anakata, yaani anagawa rundo kwa vidole. Karata aliyokatia ni yake. Iliyo kubwa kuliko zote ni Ziwa, nayo iko moja tu. Mwisho wa benchi alikuwa akikaa Bonfils, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Ruziba, kwa sababu ya goti lake lisilokunjika. Leo ni wiki ya nne hayupo. Huseni amekaa mahali pake na amekata mara tatu.

— Ziwa, alisema Huseni.

— Tena?

— Tena. Mara tatu, wallahi.

— Vidange, we unaiba, alisema Dossier.

— Mi niibe namna gani? Kama ningeiba ningeanza mwaka jana, ulipochukua Dereva yangu.

Twalibu hakucheka. Alichukua Ziwa, akailaza juu ya Mvuvi, akapitisha ukucha pembeni.

— Iko pana, alisema.

— Pana wapi?

— Hapa. Nusu milimita. Ile ya kwanza ilimwagikiwa kahawa, nikatengeneza ingine. Siku ile kazini hakukuwa na umeme, mashine ya kukata ilikuwa imekufa. Nikakata na makasi, nyumbani.

— Kwa hiyo kidole kikifika pale kinasimama, alisema Huseni.

— Kidole cha mutu yeyote. Mwenye kukaa hapo ndiye anakata, na mwenye kukata anaipata.

— Basi Mwalimu...

— Mwalimu hakuiba kitu.

Mwanasiti alijaza vikombe bila kuulizwa. Jumamosi ya tarehe mbili Bonfils aliipata Ziwa mara tano katika michezo sita. Huseni alimwambia mbele ya watu kwamba ameiwekea alama. Dossier alitaka ageuze mifuko. Bonfils aliigeuza, ilikuwa na chaki na kitambaa. Kisha akaweka karata zake chini, akasema, “Mi siibi karata,” akaondoka.

— Akirudi kutoka Gitega nitamwambia mi mwenyewe, alisema Twalibu.

— Nani alisema yuko Gitega?

— Bibi yake yuko kule na watoto wao. Shule imefungwa, mutu amekasirika, ataenda wapi?

— C'est logique, alisema Dossier. Lakini kabla hajarudi tubadilishe règle ya mchezo. Mutu asikate tena. Avute ya juu, moja, akifunga macho.

— Na vidole navyo utavifunga? alisema Huseni. Tutie zote ndani ya bidoni ya mafuta. Mutu anaingiza mukono mpaka kwenye kiwiko.

— Zitoke zimelowa grisi?

— Zitafanana zote. Si ndicho unataka?

— Avute mutu asiyecheza. Mwanasiti avute.

— Mi? alisema Mwanasiti. Na mukono wangu ukipata Ziwa, mutaniita nani?

Akarudisha birika motoni.

— Bon, alisema Dossier. Zikatwe mviringo, kama sahani. Mviringo hauna pembe ya kushika.

— Zitabiringika mpaka Ruziba.

— Basi zote ziwe Ziwa! Karata arobaini, Ziwa arobaini. Kila mutu anavuta Ziwa.

— Hapo hakuna mchezo, Dossier.

— Hakuna mchezo, hakuna kelele, hakuna wa kukasirika. Andika hiyo.

Huseni alicheka peke yake, akaacha. Twalibu alikuwa bado ameshika ile karata.

— Mi niliwaza makasi, alisema.

— Lini?

— Siku ile ile. Mwalimu alipoipata mara ya nne, nikawaza makasi yangu. Miaka kumi na moja nakata karatasi za watu. Nikaona aibu kusema nimekata mubaya.

— Ukanyamaza?

— Nikanyamaza.

— Astaghfirullah, Twalibu.

— Nawe Vidange ulisema, mbele ya watu.

Mwanamke mwenye begi la safari alitokea upande wa soko, akasimama mbele yetu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

— Amahoro, baba zangu. Hapa ndipo Mwalimu Bonfils anachezea karata?

— Ni hapa, mama. Karibu, alisema Twalibu, akasimama kumpisha.

— Asante, sikai. Mi ni bibi yake, Epiphanie. Nimefika jana kutoka Gitega.

— Na yeye amebaki kule? aliuliza Dossier.

— Kule wapi?

— Gitega. Kwenu.

— Gitega hakuja. Jirani zetu Ruziba wanasema alitoka Jumamosi ya tarehe mbili, anakuja kucheza. Hakulala nyumbani. Wakafikiri amenifuata.

Dossier aliweka kikombe chini.

— Njia ya juu, ile ya Musaga, ilikuwa na masasi ya bunduki jioni ile, aliendelea Epiphanie. Ya chini, ya Kinindo, ilikuwa shwari. Mi nataka kujua kimoja tu, ndipo nijue nianze kuuliza wapi. Alipotoka hapa, alishika ya juu ao ya chini?

— Kila Jumamosi mi ndiye nilikuwa namufikisha Kinindo, alisema Huseni. Na gari ya mteja. Najaribu breki.

— Na Jumamosi ile?

— Ile alienda na miguu, alisema Huseni.

Kona inaonekana vizuri kutoka kwenye benchi. Kushoto ni njia ya Kinindo, kulia ni ya Musaga, na mtu mwenye goti bovu huchukua muda kufika pale. Jumamosi ile sisi tulikuwa wanne. Tulikuwa tumeinama, tunazigeuza karata zake moja moja, tunatafuta alama.

Epiphanie aliuliza tena, ya juu ao ya chini, polepole zaidi, akidhani hatukumsikia.