Mchana Huu Fundi Anakula Nini?

Benchi lilikuwa nje ya duka la Fundi cherehani, ukuta mmoja na kinyozi, na kila asubuhi lilijaa kabla hata cherehani haijatiwa mafuta. Hapo ndipo Bi Kahawa alipoweka birika lake, na hapo ndipo utumbo wa Fundi ulipojadiliwa tangu hospitali iliposema una uvimbe wa kudumu. Waliokaa hapo walisema wanamsaidia. Fundi aliwapenda, na kwa kuwapenda alikubali kila katazo walilompa. Sasa alikuwa ameketi kizingitini akipunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe kwa mara ya tatu, na safari hii alikuwa ameamua kukata kabisa kitambaa kilichozidi. Daktari alimwambia wazi: kipande cha utumbo kimekuwa chembamba, lazima apasuliwe, lakini hampasui mtu aliyekonda hivi. Aongeze uzito kwanza. Fundi alizidi kupungua, na alikuwa na hofu.

Siku hiyo alianza Profesa, mchomelea vyuma aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kuongea na kidole juu.

— Maharage nilishamkataza. Leo namkataza wali. Wali ukiwa sufuriani unafanyaje? Unavimba. Mtu ana uvimbe, wewe unamwongezea uvimbe?

Kinyozi, ambaye wote walimwita Kocha, alitoka nje na kitana mkononi.

— Wali si kitu. Shida ni yai. Yai ni kuku aliyelala. Likipata joto la tumbo linaamka, linaanza kudonoa.

— Lakini si limechemshwa? — Bi Kahawa aliuliza.

— Mama, usiingilie sayansi.

Bi Kahawa naye hakukubali kupitwa. Alimkataza samaki, kiumbe asiyejua kutulia maisha yake yote. Profesa akampongeza, akaongeza viazi, kwa kuwa vimekulia gizani na lazima vina baridi. Kocha akaifuta ndizi kwa sababu imepinda, na tumbo lenyewe lina kona za kutosha. Fundi alicheka nao, kisha njaa ikamkata, akainamia sindano.

Ndipo akafika mzee mmoja na mfuko begani, amechoka na safari. Fundi aliinuka upesi, akaupokea mfuko.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

Alikuwa baba mkwe wake, hawajaonana tangu mwaka jana. Mzee alimshika kifundo cha mkono, akakitazama, asikiachie. Benchi likampisha, likamweleza yote kwa zamu, kuanzia maharage mpaka ndizi, kwa fahari ya watu waliofanya kazi nzuri. Mzee aliwasikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

— Nawashukuru kwa kumjali, wanangu. Sasa mchana huu mkwe wangu anakula nini?

Profesa aliinua kidole, akakishusha. Kocha alipuliza kitana ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja. Bi Kahawa akafunua birika, akachungulia ndani.

— Uji mwepesi, baba, — Fundi alisema mwishowe. — Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji.

— Hospitali ndivyo walivyokwambia?

Benchi angeweza kulidanganya, lakini si baba wa mkewe. Akasema hapana. Mtaalamu wa lishe alimtaka ale mayai, samaki asiye na miiba, wali laini, viazi vya kupondwa, kidogo kidogo mara nyingi, na dawa asiziache. Aepuke kwa sasa vyenye maganda na nyuzi ngumu, visije vikakwama pale palipo pembamba, na kingine chochote asikiache bila kumwuliza.

— Alisema hakuna chakula kimoja kitakachoniponya, ila mwili wenye akiba hupona vizuri baada ya kupasuliwa. Maharage tu ndiyo mliyopatia.

Profesa alitaka kufurahi, akaona aibu.

— Kwa nini hukutuambia? — Kocha aliuliza kwa sauti ya chini.

— Mlikuwa mnanihurumia sana. Niliona vibaya kuwakatalia.

Kocha aliondoka bila kuaga, akamwacha mteja wake kitini na nusu ya kichwa. Alirudi na mayai, akampa Bi Kahawa ayaweke jikoni kwake.

— Yachemke sana, mama. Yasije yakaamka.

Fundi alikula la kwanza polepole, wote wakimtazama kama mtu anayepiga penalti. Wakangoja. Tumbo likanyamaza. Akamenya la pili, na Profesa akamshikia chumvi.

Alipomaliza alijifuta mikono, akaichukua ile suruali na mkasi. Akaupima kwa macho ule ukingo wa kitambaa kilichozidi, akauweka mkasi kando. Kisha akaukunja ukingo kwa ndani, akaushikiza kwa mishono mirefu, ile inayofumulika upesi mtu akinenepa.